Kabuti ya Hangi

Nilipokuwa mutoto wa miaka saba ao nane, kulifika kwetu Masisi mupiga-foto mumoja na baiskeli. Alikuwa muntu mufupi, mwenye maneno mengi, na nyuma ya baiskeli alifunga sanduku la mashini yake pamoja na kitambaa kikubwa kilichochorwa ngazi za nyumba ya kitajiri. Watu walisifu ngazi zile, lakini kilichowaita mbio ni vesti, koti fupi la suti. Alikuwa na vesti moja ya rangi ya majivu, vifungo vitatu, akaitundika kwenye muti wa avoka karibu na kanisa, na kila mwanaume aliyetaka foto aliivaa, akapigwa, akaivua, akamupa aliyekuwa nyuma yake. Wafupi walizama ndani yake. Warefu mikono iliwatoka mpaka karibu na kiwiko. Njo maana mukiingia leo katika nyumba za watu wa umri wangu, wale ambao moto wa vita haukula picha zao, mutaona wazee wote wa kilima kile wamevaa vesti moja. Binti mumoja wa muji aliniuliza siku moja kama babu zetu walikuwa korali. Nilicheka sana, nikamuambia ndiyo, na waliimba muzuri.

Mujomba wangu alipovaa ile vesti, mbwa wake mwenyewe alimubwekea. Mbwa aliyelala mulangoni kwake, aliyekula mifupa mukononi mwake. Alirudi nyuma na meno wazi, na mujomba alisema, "Ni mimi, weye mupumbafu," mbwa akazidi kubweka mpaka watu wakashika matumbo kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilishika mukono wa Mama na nikawaza kwamba labda mujomba hatarudi tena, labda atabaki ndani ya nguo ile na yule mupiga-foto atamubeba kwa baiskeli. Alipoivua, mbwa alilala chini kwa haya na akamulamba vidole. Ile nilibaki nayo kichwani bila kujua itanifaa nini: kwamba mnyama anatazama nguo kwanza, muntu nyuma. Mambo ya namna ile muntu anayaokota utotoni kama vile anaokota musumari njiani, anautia mufukoni, anasahau, na siku moja unamuchoma.

Ninaleta habari ya vesti juu mwezi uliopita tulifungua sanduku la Mama. Alikufa mwenye miaka mingi sana, hata yeye hakujua ngapi, katika nyumba ya mbao tuliyopata huku upande wa Mubambiro tulipoteremuka kutoka vilimani. Ni nyumba ambayo kila kamyo ya askari ikipita, vikombe vinagongana kwenye meza. Mama hakuizoea. Alikuwa anasema, "Hapa hata chai inaogopa." Kwenye matanga watu walikula maharagi na bugali, na mumoja alileta fromaji ya kwetu, jibini la maziwa ya vilimani, imefungwa ndani ya jani la mugomba, na ile harufu ilipopita chumbani, wazee wote tuligeuza vichwa kwa pamoja. Kisha tukafungua sanduku. Ndani kulikuwa vitenge viwili asivyovaa hata siku moja, kitabu cha nyimbo bila jalada, na chini kabisa, imekunjwa kama mutoto aliyelala, kabuti ya Hangi. Binti yangu aliinua kwa vidole viwili na kuuliza, "Papa, hii ya nani, tuitupe?" Kifungo cha pili kutoka juu hakikuwapo. Mimi nilijua kilipotea wapi. Nilimuambia aniachie, nikatoka nayo inje, nikakaa juu ya jiwe, na tangu siku ile sina kazi nyingine isipokuwa kukumbuka mwaka moja.

Hangi alikuwa mukubwa wangu kwa miaka sita. Habari ya Papa, baba yetu, sitaandika hapa, inatosha kusema hakuwapo. Hangi alikuwa ameondoka kwenda Walikale, katika musitu, kuchimba mawe ya madini na wenzake, na akakaa kule miaka mitatu bila kutuma hata salamu. Alirudi mwanzo wa mvua za mwezi wa kenda, tukiwa tunakula. Nakumbuka chakula kuliko sura yake: viazi vya kuchemusha na mboga ya lengalenga, na chumvi kidogo juu ya sahani ya bati. Alisimama mulangoni na kabuti ndefu ya kijani, nzito, yenye kunuka moshi na majani yaliyooza, na akasema, "Munakula bila mimi?" kama vile alikuwa ametoka kuchota maji. Mama hakuinuka. Alisogea kidogo kwenye benchi, akakata kiazi chake katikati, na akamuwekea nusu. Mama alikuwa vile. Kwa furaha alikuwa anasogea. Baadaye, Hangi akiwa amelala, nilimukuta Mama jikoni amepiga magoti kati ya dende zake, wale wanyama wadogo wa jikoni wenye kulia kwi kwi, na machozi yanamutoka, na dende wanamupanda kwenye kitenge wakizani ameleta majani.

Shamba letu lilikuwa dogo. Ng'ombe watatu, mbuzi saba ao nane kutegemea na chui wa mwaka, kuku, dende, na kipande cha maharagi kwenye mteremuko ambako muntu analima akishika majani kwa mukono moja asianguke. Ng'ombe wa maziwa alikuwa mumoja tu mwaka ule, Gaju. Tulimuita vile juu ya rangi yake, kahawia nyepesi kama chai ya maziwa. Alizaa wiki mbili nyuma ya Hangi kurudi, na Mama akasema ni baraka ya mutoto aliyerudi. Lakini mvua zilikuwa nyingi, kupe wakawa wengi, na ndama akashikwa homa. Masikio yalilala, macho yakawa maji. Siku ya tano alikufa, asubuhi, kichwa chake juu ya kiatu cha Hangi. Muntu ambaye hajafuga hajui kinachofuata. Ng'ombe aliyefiwa anapandisha maziwa. Unashika titi, hakuna kitu, na kiwele kiko kimejaa mpaka kinang'aa. Mama alijaribu, akapigwa teke. Mimi nilijaribu, nikatupwa kwenye mavi. Kiwele kikaanza kuwa moto, na kila muntu alijua kwamba ikipita siku mbili tena, kitaoza, na ng'ombe atakwenda.

Hangi njo alifanya kama wazee. Alichuna ndama, akajaza ngozi majani makavu, akaishona kwa kamba ya mugomba, na akapaka chumvi mugongoni. Akaisimamisha mbele ya Gaju kwa vijiti vine. Tena ile siku mvua ilikuwa inanyesha, na alikuwa amevaa kabuti yake iliyopata damu ya ndama na maji yake yote. Akachuchumaa, akaweka kipaji cha uso kwenye ubavu wa ng'ombe, na akaanza kuvumisha wimbo bila maneno, kitu alichotoka nacho musitu, sauti tatu zinapanda na moja inashuka. Gaju alilamba chumvi. Alinusa ngozi, alinusa kabuti. Akatoa pumzi ndefu. Tukasikia maziwa yanapiga chini ya ndoo, na Mama akaweka mukono kwenye kinywa. Tangu siku ile, asubuhi na jioni, Gaju alikubali muntu mumoja tu: Hangi, na kabuti yake, na wimbo wake, na ngozi ile iliyozidi kukauka mpaka ikawa haifanani na ndama hata kidogo.

Jirani yetu Papa Machumu alikuwa mutengenezaji wa fromaji, na maziwa yetu yalikwenda kwake kwa bidoni ya plastiki. Alikuwa muntu munene, mutaratibu, mwenye kuongea na muntu huku anatazama jungu lake. Siku chache nyuma ya ile mambo alikuja kusalimia, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nakata majani ya dende, nikasikia yote.

"Mama Hangi," alisema, "muzoeze Gaju na mudogo wa Hangi. Ng'ombe wa mukono moja iko hatari. Kesho kijana anashikwa tumbo, na weye unapoteza ng'ombe."

"Hapana, Papa Machumu. Tuache vile."

"Juu ya nini?"

Nilisikia Mama anapepeta maharagi, shaa, shaa. Kisha akasema, "Musitu ulimukamata mutoto wangu miaka tatu. Sina askari wa kumulinda, sina mali ya kumushika. Niko na ng'ombe. Mwenye kukamua hana safari. Asubuhi iko pale, jioni iko pale. Mungu amemufunga kamba yenye miguu ine, na miye nitaifungua?"

"Ukimufunga muntu, Mama, umuangalie shingo," Papa Machumu alisema, lakini taratibu, na Mama akamuuliza habari ya watoto wake.

Lazima niseme ukweli, juu kwa umri wangu uongo hauna tena faida: mimi nilifurahi. Nililala na Hangi kitanda kimoja, kile cha mianzi kilichopasuka katikati, na usiku wa miaka mitatu nilikuwa nimelala peke yangu kwenye upande wangu, nikimuachia upande wake. Nikawaza, Mama ana akili. Gaju akamuliwe na yeye mpaka meno yamutoke. Na nikajiambia sitagusa titi lile hata wakiniomba.

Mwezi wa kwanza ukafika na jua lake fupi. Ile njo wakati nilioupenda kuliko yote, vilima vikiwa vimeoshwa, na ukisimama juu unaona makundi ya ng'ombe za wengine mbali kama mahindi yaliyomwagika. Nilikuwa nabeba maziwa kwa Papa Machumu, na alikuwa ananiacha nigeuze fromaji kwenye mbao zake. Chumba kile kilikuwa na giza na baridi, madirisha ya jamvi, na fromaji za mviringo zimepangwa mpaka dari, za manjano, kama nyuso za watu wanaosikiliza mahubiri. Unachukua moja, unaipangusa kwa kitambaa cha maji ya chumvi, unaigeuza, unairudisha. Muntu anaweza kufanya vile siku nzima bila kuwaza. Siku moja nilikuwa nyuma kabisa, Hangi akaingia kwenye chumba cha jungu, na hawakujua ao walisahau kwamba niko.

"Unakonda," Papa Machumu alimuambia. "Mukamuaji anakonda namna gani? Unakunywa nini, maji ya mufereji?"

Hangi alicheka kidogo. Kisha akasema, "Papa, kule nilimuacha muntu."

"Muntu wa namna gani?"

"Riziki. Baba yake iko na shamba kandokando ya mto, huku chini ya Walikale. Iko na mimba. Nilimuambia ninaenda kusalimia mama yangu, mwezi moja. Sasa iko miezi ine."

Nilisikia kijiti cha Papa Machumu kinasimama ndani ya jungu. "Mama yako anajua?"

"Nikimuambia atalia. Atasema musitu uliniroga. Na nikiondoka, kiwele cha Gaju kinaoza kwa siku tatu. Nyumba inakula titi zile. Mudogo wangu atakula nini?" Akageuza uso kwenye mulango. "Kamba ya mutego naweza kukata, Papa. Hii, nikiikata, nitakata na ng'ombe. Ng'ombe hana kosa."

Nilibaki na fromaji moja mikononi. Sikujua niigeuze ao niiache. Niliporudi nyumbani sikusema kwa Mama, na sikusema kwa Hangi kwamba nimesikia. Usiku kitandani nilimusikia anavumisha ule wimbo kwa sauti ya chini sana, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba haukuwa wa ng'ombe.

Muniache kidogo hapa. Mara nyingi kwenye maisha yangu nimejiuliza kwa nini mambo yaliyofuata niliyafanya. Nilimuonea Hangi huruma? Nilitaka tu kuwa mukamuaji, juu mukamuaji kwetu anakunywa povu la kwanza na watu wanamuita Papa hata akiwa hana ndevu? Ao kulikuwa wivu, kwamba ndugu yangu yuko kitandani pamoja nami na kichwa chake kiko kandokando ya mto wa wengine? Nimejibu mara zote tatu, na kila jibu lilikuwa na ukweli kidogo, kama vile maziwa yana maji ndani yake bila muntu kuyatia.

Mvua kubwa ziliporudi, mwezi wa ine, Hangi alishikwa homa ya musitu, ile inayojificha ndani ya muntu na kurudi ikitaka. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Asubuhi ya kwanza alijikokota mpaka kwenye zizi, akakamua akiwa ameegemea, akaanguka. Jioni hakuweza kuinuka. Mama alimupa maji ya mizizi, akaweka kitambaa kwenye kichwa chake, na alikuwa anaomba na sauti kubwa, "Bwana, muangalie Hangi, muangalie na Gaju," majina mawili pamoja kama watoto wake. Asubuhi ya pili Gaju alikuwa analia kwenye zizi. Kiwele kilikuwa kigumu. Mama akashuka kwenda kutafuta dawa kwa masista, saa mbili za kutembea kwenye matope. Nilikuwa peke yangu na sauti ya ng'ombe upande moja na meno ya Hangi yakigongana upande mwingine.

Kabuti ilikuwa kwenye musumari. Nilikumbuka mbwa wa mujomba. Sikukumbuka kwa maneno. Mukono tu ulikwenda. Niliivaa, na mikono yake ilinifunika vidole, na uzito wake ulinishusha mabega. Nikachukua ngozi, nikapaka chumvi. Nilipoingia Gaju alirudi nyuma na kuniona kwa jicho jeupe. Nikainama haraka ili asione sura, nikaweka kipaji kwenye ubavu wake, na nikavumisha: tatu zinapanda, moja inashuka. Nilikosea mara ya kwanza. Alipiga teke, na kifungo cha pili cha kabuti kikarukia kwenye matope na sikukiona tena. Nikavumisha tena. Nilisubiri muda murefu sana, shavu langu likiwa kwenye nywele zake za moto, nikisikia tumbo lake linavyonguruma ndani kama kamyo iliyo mbali. Kisha kitu fulani ndani yake kililegea. Maziwa yakashuka.

Nilipotoka na ndoo, Hangi alikuwa ameketi kitandani, blanketi kichwani kama mwanamuke muzee.

"Nani amekamua?" aliniuliza.

"Miye, kaka."

Aliniangalia, na kabuti yake kwenye mwili wangu, na matope. Nilingoja aseme nimefanya vizuri. Alitazama ndani ya ndoo kwa muda, kama vile muntu anatazama kisima. "Mama anajua?"

"Hajarudi."

"Usimuambie," alisema. Akacheka, midomo imepasuka kwa homa. "Tumufanyie surprizi. Siku moja tutamuonyesha kwamba ana wakamuaji wawili. Leo umuambie niliinuka mwenyewe."

Na mimi nilipenda sana kuwa na siri na kaka yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, lakini kwa mambo ya Hangi nilikuwa mutoto. Mama alirudi na dawa, akakuta ndoo imejaa, na Jumapili alisimama kanisani akashuhudia kwamba mugonjwa aliinuka kwa nguvu za maombi. Hangi alikuwa kwenye benchi ya mbele, anatazama viatu vyake.

Tangu pale tulikuwa tunafanya vile. Mama akienda shambani, Hangi alinivalisha kabuti na kukaa nje ya zizi, mugongo kwenye ukuta, akisikiliza. "Pole pole na titi la nyuma." "Usimubane, umuombe." "Wimbo unaufanya mufupi mwishoni, uvute." Mwezi wa tano, maharagi yakiwa na maua, nilikuwa nakamua siku tatu kwa wiki. Mwezi wa sita jua likaanza, majani yakawa na rangi ya ngozi ya simba, na tulipeleka ng'ombe chini kwenye bonde lenye unyevu. Kule alinifundisha kukamua bila ngozi ya ndama. Ilikuwa imetobolewa na panya, akaitupa mtoni, na ikaelea kidogo miguu juu. Mwezi wa saba alianza kukaa mbali kidogo na zizi wakati ninakamua. Kwanza kwenye mulango. Kisha kwenye muti. Kisha kwenye njia, juu kabisa, na alikuwa ananiuliza baadaye, "Gaju alishtuka?" Nilimuambia, "Hata kidogo, kaka." Alinipiga bega. Jioni Mama akikaanga dagaa, alikuwa anamutazama Hangi akiingia na ndoo niliyoijaza mimi, na macho yake yalikuwa yametulia, mwanamuke aliyefunga mulango wake vizuri. Alianza kunenepa mwaka ule. Alianza hata kutania. "Nimutafutie Hangi bibi," alisema, "kabla Gaju hajamuoa." Hangi alicheka pamoja nasi, na alishika mukate wake bila kuula.

Nilizani ananifundisha kazi. Miaka mingi ilipita mpaka nikaweza kulisema hili neno peke yangu, nikichunga, bila muntu wa kusikia: alikuwa anajifungua kamba, na alinipa mimi ncha yake nishike, na nilivuta kwa furaha.

Mama alisema ushuhuda wa pili kanisani kwa maisha yake yote. Kwamba siku mutoto mumoja alipoondoka, Mungu alimufungulia ng'ombe kwa mutoto wa pili, asubuhi ile ile, mukono ambao haujawahi kukamua. Nilimuambia hivyo mimi. Niliona haya kusema lingine. Watu walipiga makofi kwa ushuhuda ule vilimani, na waliupigia makofi hata huku Mubambiro, watu wasiojua ng'ombe hata moja. Wiki mbili mbele ya kufa kwake, nilikuwa namunywesha uji na kijiko, akashika mukono wangu. "Siku ile," alisema, "Gaju alikukubali mara moja?"

"Mara moja, Mama."

Alimeza. Alitazama ukuta. Kamyo ilipita, vikombe vikagongana, vikanyamaza. "Ng'ombe hakubali mara moja," alisema, na akafungua kinywa kwa kijiko kingine. Hatukuongea tena habari ile. Sijui alijua tangu lini. Kabuti iliyokosa kifungo aliiosha mwenyewe, aliikunja mwenyewe, na hakuniuliza hata siku moja kifungo kilikwenda wapi.

Asubuhi yenyewe ilikuwa mwanzo wa mwezi wa kenda, mvua ya kwanza, ile nyembamba isiyolowanisha ila inakaa juu ya nywele kama majivu. Mama alikuwa ameshuka soko na kikapu cha maharagi mapya. Hangi alikuwa amekula vizuri, viazi vya jana na maziwa ya kuganda, na aliosha sahani yake, jambo ambalo wanaume kwetu hawafanyi. Kisha akashusha kabuti kwenye musumari, akaishika wazi nyuma yangu nipitishe mikono, akanizungusha, na akanifunga vifungo moja moja kama vile wanamuvalisha mutoto wa kupelekwa ubatizo. Kwenye pengo la kifungo cha pili kidole chake kilisimama kidogo.

"Weye hautavaa kitu?" nilimuuliza. "Mvua iko."

"Hii si mvua. Kamua, mudogo wangu. Kamua mpaka mwisho, usimuache nusu."

Nilikaa. Niliweka kipaji kwenye ubavu wa Gaju na nikaanza wimbo, na haukuwa mufupi mwishoni. Titi la kwanza, la pili. Nilisikia hatua zake zinakwenda kwenye muti, kisha kwenye njia, kama kila siku. Niliinua jicho chini ya shingo ya Gaju. Hakusimama juu kabisa. Alikuwa anateremuka upande wa kijito, mikono mitupu, shati lake jeupe, na alipopita kwenye uzio wa Papa Machumu nilimuona anainua mukono kusalimia. Papa Machumu aliniambia baadaye alisalimia kama muntu anayekwenda kukata majani. Akavuka kijito kwa mawe yale matatu. Akaanza kupanda kilima cha pili, ile njia inayokwenda Walikale.

Nilijua. Mwili wote ulijua. Lakini kila mufugaji kwetu anajua pia kwamba ukiinuka katikati, ng'ombe anafunga, na akifunga kwa hofu hatafungua tena kwa mukono ule. Nilikuwa na titi moja bado. Niliweza kuita, na Gaju angeshtuka. Niliweza kukimbia, na kiwele kingeoza. Nikaendelea kuvumisha. Machozi yalishuka ndani ya kola ya kabuti yake, na nikavumisha, na nikavuta titi la ine pole pole, nikiliomba, vile alivyonifundisha, mpaka tone la mwisho, na shati jeupe likawa dogo, likapita kwenye ukungu mara moja, likatoka, likapita tena.

Nilipoinuka na ndoo, kilima kilikuwa kitupu. Hakurudi.